Mawe Meusi ya Namkunda

Chilangala, Newala
4 Juni 2000

Mjomba Vitalis,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo. Agatha ameng'oka meno mawili ya mbele kwa wiki moja na anaona aibu kucheka. Baridi imeanza, asubuhi ukungu unafunika mikorosho mpaka saa tatu. Maji ya bomba hayajapanda tangu Pasaka, mashine imekufa, kwa hiyo tunashuka bondeni na ndoo kama enzi za bibi. Siku hizi mama akija kujifungua hapa zahanati anakuja na ndoo yake ya maji, na asiye nayo wauguzi tunamchangia. Baba Agatha yuko safarini, kazi imempeleka mbali kidogo. Akirudi atakuandikia mwenyewe.

Habari za huko? Goti la Mama linaendeleaje? Salfa ya kupulizia mikorosho mlipata mwaka huu?

Mjomba, kuna jambo linanisumbua. Juzi nilimfunga jeraha mtu aliyetoka Chiungutwa, amekuja kwa shemeji yake. Sululu imempasua mguu. Nikamtania, "Siku hizi mnalima kwa sululu?" Akasema, "Dada, hatulimi. Tunachimba mawe meusi Namkunda." Nikamuuliza Namkunda ipi. Akasema, "Ile yenye kijito, ya watu wa Bibi Ethel."

Bibi Ethel ni mama yenu wewe na Mama yangu. Namkunda nyingine mimi siijui. Sikumwambia kwamba nilizaliwa hapo. Nilimaliza kumfunga, nikamwandikia dawa, nikaenda kusimama nje.

Naomba uniambie kama ni kweli.

Mpwa wako,
Oliva


Namkunda, Chiungutwa, Masasi
9 Julai 2000

Mpwa wangu Mama Agatha,

Marahaba. Barua yako ilikaa Masasi mjini wiki tatu kwa mwenye duka, nimeipata ikiwa na duara la kikombe cha chai juu ya jina langu. Nafurahi kwamba mko wazima. Mwambie Agatha asione aibu, mimi meno yangu yameng'oka na hayarudi, na bado nacheka.

Mama yako hajambo. Hayupo hapa kwa sasa. Amekwenda Nanganga kwa Somoe, yule mwenzake wa unyago, kumsaidia kuvuna mtama. Goti ni lilelile. Salfa hatukupata. Tangu soko lifunguliwe na ushirika ulale, kila mtu anajitafutia, na mimi miguu ya kutafuta sina.

Kuhusu uliloniuliza: ndiyo, kuna watu wanachimba. Si wengi. Jiwe lenyewe unalijua, lile jeusi zito mlilokuwa mkilichezea kijitoni mlipokuwa watoto. Wanaliita tantalaiti. Mnunuzi alitueleza kwamba ndani yake kuna madini ya kuweka kwenye simu za mkononi, zile watu wanazotembea nazo bila waya. Kila simu inataka kidogo sana, akasema, chini ya punje ya ulezi. Nikamuuliza, "Sasa magunia yote haya ni ya simu ngapi?" Akacheka. "Mzee, dunia ni kubwa."

Ni mashimo ya pembeni tu. Usijisumbue, una wagonjwa wako.

Mjomba wako,
Vitalis


Chilangala
13 Agosti 2000

Mjomba,

Shikamoo. Tuko wazima. Mtama tumevuna, mbaazi bado. Padri alipita wiki iliyopita akaulizia hali yako.

Barua yako niliipata Jumatatu. Umeandika kwamba Mama yuko Nanganga. Jumatano saa kumi jioni Mama alishuka hapa kutoka kwenye lori la chumvi, na kikapu, na mkeka, na picha ya Bibi Ethel imefungwa ndani ya khanga. Mtu anayekwenda kuvuna mtama wa rafiki habebi picha ya mama yake.

Siku ya kwanza sikumuuliza. Siku ya pili nikamwambia, "Mama, kuna nini nyumbani?" Akasema, "Nyumbani wapi?" Akaendelea kumsuka Agatha.

Mjomba, wewe unaijua Newala. Unakumbuka wageni kutoka huku walivyokuwa wakifika kwetu, wanasimama kijitoni wanachota maji kwa viganja na kuyamwaga tu, kwa raha ya kuyaona yanakwenda bure. Mama ameishi hatua arobaini kutoka kwenye maji maisha yake yote. Sasa yuko kwangu, napima kikombe cha kunawia uso. Mtu anayeacha kijito akaja Newala kuomba maji, amefukuzwa na nini?

Na kuna hili la kazi yangu. Nimepokea wanawake wawili wa huko, wamekuja kwa ndugu zao. Wanakohoa kikohozi kikavu kisichotoa kitu, na nguo zao zina vumbi jeupe kwenye mishono hata baada ya kufuliwa. Wameniambia wanaponda mawe majumbani kwa nyundo, watoto wakiwa mgongoni. Tafadhali waambie wayalowanishe mawe kabla ya kuponda, na wafunge kitambaa puani. Vumbi la mawe likiingia kifuani halina dawa. Hapa sina, na hospitali kubwa hawana.

Hukuniambia ni nani aliyewaruhusu kuchimba.

Oliva


Namkunda
15 Oktoba 2000

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimechelewa, na safari hii sitaisingizia posta. Korosho zimeanza kuanguka. Mabibo yananuka kila mahali na wachimbaji wanakunywa uraka, pombe ya hayo mabibo, tangu asubuhi. Niliandika si wengi. Sasa wamepita mia nne, wanalala chini ya maturubai kuanzia kwenye kivuko mpaka kwenye mikorosho ya bibi yako, ambayo kumi na moja imekatwa ili ipatikane miti ya kuegemezea mashimo. Shule imebaki na walimu na watoto wadogo. Wakubwa wako mashimoni.

Mimi ndiye niliyewaruhusu.

Walikuja mwezi wa nne, na gari, na karatasi yenye mhuri. Mnunuzi alinikalisha kwa heshima, akasema ruhusa ya kutoka juu anayo tayari, imebaki ya wenyeji. "Ukisaini, mzee, tutawachimbia kisima cha pampu. Usiposaini tutachimba vilevile, ila kisima hakuna." Niliomba siku mbili. Nikaitazama mikorosho iliyozeeka. Nikafikiri juu ya kisima, na juu ya watu kusema kwamba Vitalis ndiye aliyekileta. Nikasaini.

Sikumshauri dada yangu. Kwetu mjomba ndiye anayesimama mbele ya watu kuisemea ardhi, lakini ardhi yenyewe inapita kwa wanawake, na hilo nililijua nilipokuwa nimeshika kalamu.

Siku ya sululu za kwanza mama yako alichukua kigoda chake akakiweka juu ya chemchemi, pale maji yanapotokea, akakaa.

Nikamwambia, "Bibiana, ondoka, watu wanafanya kazi."

Akasema, "Na mimi niko kazini. Nakaa."

Alikaa siku tatu. Vijana walimwogopa, wakachimba kumzunguka. Siku ya tatu maji yaliyokuwa yakitoka chini ya miguu yake yakaja meupe kama uji, kisha yakaja mekundu, kisha yakapungua. Akayatazama. Akainuka, akaniambia mbele ya watu wote, "Kaka, ulizaliwa wa kwanza. Hukuzaliwa peke yako." Hajanisemesha tena. Alifunga mzigo wake akaenda Nanganga, na huko ndiko nilikojua mimi kwamba yuko, sikukudanganya, ila mtama niliutunga.

Vumbi nimewaambia. Wengine wanalowanisha, wengine wanasema maji yenyewe yako wapi.

Msalimie mumeo. Au nimsalimie mimi, maana namwona kila siku. Optatus ndiye anayekaa kwenye mizani ya mnunuzi. Ndiye aliyekuja ndani ya lile gari mwezi wa nne na kuwaonyesha njia mpaka mlangoni pangu. Nilidhani unajua. Kisha nikadhani hujui. Sasa sijui nidhani nini.

Vitalis


Chilangala
10 Desemba 2000

Mjomba,

Shikamoo, na heri ya Noeli kama barua hii itawahi. Mvua za kwanza zimenyesha. Tumekinga maji kwenye masufuria, mabeseni, mpaka kwenye kibuyu cha Agatha. Mama amepata marafiki. Anashuka na wanawake bondeni alfajiri kuchota maji, ndoo kichwani, na lile goti. Nimemkataza. Amesema hawezi kunywa maji ya jasho la wengine.

Barua yako nilimsomea yote. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa anachambua choroko. Akasema, "Ameandika vizuri." Basi.

Habari ya Baba Agatha nimeisoma. Tuiache kwanza.

Naandika leo kwa haraka kwa sababu ya hii mvua. Shamte, dereva wa lori la chumvi, aliniletea salamu kutoka kwa Stamili, mke wa Mahmudu. Mjomba unajua Stamili ni nani kwangu, tuliingia unyago siku moja, tulilala mkeka mmoja, kama si damu basi ni zaidi ya damu. Anasema wanaume wanapochimba juu, wanawake wanachekecha kifusi chini ya ukuta wa shimo, kwa sababu hapo ndipo vipande vidogo vinapobaki. Shamte ameuona ukuta huo. Anasema una urefu wa nyumba mbili na umechimbwa kwa chini kama mdomo.

Udongo wa kwetu ukinywa maji haushiki. Uliwahi kunifundisha wewe mwenyewe, tulipokuwa tunachimba udongo wa kukandika nyumba. Nakuomba, nenda ukawatoe wanawake pale. Kama hawakusikii, mwambie Stamili ni mimi ninayemwita. Aje Chilangala, nina kazi ya kumpa. Nitaitafuta hata kama haipo.

Usingoje kunijibu. Nenda kwanza.

Oliva


Namkunda
28 Januari 2001

Mpwa wangu,

Salamu nitakupa mwishoni.

Ijumaa tarehe 19, baada ya mvua ya siku tatu, ukuta wa shimo la mashariki ulianguka saa nne asubuhi. Chini yake walikuwa wanawake watano. Watatu tuliwatoa wakiwa hai. Stamili na Naima, mke wa Anwari, tuliwapata Jumamosi mchana. Walizikwa jioni hiyohiyo.

Mahmudu alichimba akiita jina la mke wake. Alikuwa anaita, ananyamaza kusikiliza, anachimba, anaita. Mahali fulani aliacha kuita akawa anachimba tu. Wote tulijua maana yake.

Mumeo alichimba kwa mikono mpaka kucha zikatoka damu. Ijumaa jioni mnunuzi alipakia magunia yake akapiga honi. Optatus alisimama, akanitazama, akapanda gari. Nakuandikia yote mawili. Usichukue moja ukaacha jingine.

Barua yako ya Desemba niliipata tarehe 22, Jumatatu. Niliisoma nikiwa nimetoka kukaa matanga. Lakini sitajificha nyuma ya barua iliyochelewa. Ukuta ule niliuona kwa macho yangu. Wiki moja kabla, nilimwambia Stamili, "Binti, hapo si pazuri." Akaniambia, "Mjomba, pazuri ni wapi?" Nikaenda zangu.

Mpe pole mama yako. Mwambie Stamili amelazwa upande wa juu, mbali na mashimo.

Wasalimie wote.

Vitalis


Chilangala
18 Machi 2001

Mjomba,

Shikamoo. Agatha alikuwa na homa, imepoa. Mahindi yamebeba. Maji yamepanda kwa bomba siku mbili, watu wakapiga vigelegele, kisha yakakatika.

Baba Agatha amerudi. Alifika mwisho wa Januari kwa miguu kutoka kituoni, na matope yamekauka hata ndani ya masikio. Ameacha kazi, au kazi imemwacha, sikumuuliza. Amekuja na simu ya mkononi aliyopewa na mnunuzi. Hapa Chilangala haishiki mtandao, wala umeme wa kuichaji hatuna. Nimeiweka kabatini nyuma ya sahani. Sijui kama ndani yake mna kitu cha kwetu. Sitaki kujua.

Mjomba, sasa nikwambie ninachokificha tangu barua ya kwanza.

Mwezi wa tatu mwaka jana Baba Agatha alirudi kutoka Mtwara, tukala, akaniambia amekutana na mtu anayetafuta jiwe jeusi, dogo lakini zito kuliko ukubwa wake. Akaniuliza tu kama mzaha, kama nimewahi kuona kitu kama hicho. Mimi ndiye niliyesema, "Hayo? Kijito chetu kimejaa. Tulikuwa tunachezea bao." Nilisema nikicheka. Nilikuwa najionyesha kidogo, kwamba na kwetu kuna kitu. Nilimkumbusha mpaka njia, baada ya kivuko, kata kulia, nyumba ya kwanza ni ya Mjomba.

Aliposafiri mwezi wa nne sikuuliza anakwenda wapi. Nilihisi. Mtu anayehisi na haulizi, anajua. Yule mwenye jeraha aliposema Namkunda, ndipo nikakuandikia wewe, na baadaye nikakuuliza nani amewaruhusu, kwa sauti ya mtu asiye na kosa. Nimeisoma tena barua yako ya Oktoba. Wewe ulisema lako kwa mstari mmoja. Mimi imenichukua miezi tisa na maisha ya Stamili.

Nilimwambia Mama wiki iliyopita. Tulikuwa jikoni. Nilipomaliza sikuweza kumtazama. Akaniuliza, "Umemaliza?" Nikasema ndiyo.

Akasema, "Nilijua. Mjomba wako hajawahi kucheza bao la mawe, hakuwa yeye wa kuwaeleza, na yule mnunuzi alifika moja kwa moja bila kuuliza njia. Nilikuja hapa nikiwa nimekukasirikia wewe kuliko kaka yangu. Nilitaka kuona kama utasema."

"Na kama nisingesema?"

"Ningeendelea kuteka maji."

Akafunika chungu. Hakunikumbatia, na hakunifukuza. Tunaishi hivyo.

Sijui nikuombe nini. Kama utamwona Mahmudu, usimfiche. Mweleze kama nilivyokueleza.

Oliva


Namkunda
10 Juni 2001

Mpwa wangu Oliva,

Marahaba. Nimekaa na barua yako karibu miezi mitatu. Nilitaka kukukasirikia, nikashindwa, maana kila nikianza hasira naikuta saini yangu mbele yake. Mtoto kusema kwao kuna mawe si dhambi. Mtu mzima kusaini bila kuita wenzake, hilo lina jina.

Wamekwenda wote. Mwezi wa nne mnunuzi alisema huko nje bei ya jiwe imeanguka, akasema atarudi, na wachimbaji wakangoja wiki mbili wakiwa na magunia yaliyojaa. Kisha wakaanza kuondoka wawiliwawili. Magunia mengine yameachwa hapohapo, yamepasuka, kuku wanachakura juu yake. Vitu vilivyokuwa vinaitwa utajiri mwezi wa tatu.

Kisima walikianza. Kuna bomba la chuma limesimama shambani, refu kama mtu, limezibwa kwa gunia. Ukilipiga linalia.

Nimehesabu mashimo sitini na mawili, na mengine ya ndani ya vichaka sikuyafikia. Yamejaa maji ya kijani. Kijito kinaingia kwenye shimo la mashariki na hakitoki. Watu wa chini, walioishi kwa maji yale bila hata kutujua majina, nao wamekauka. Wamekuja kuuliza tumewakosea nini. Mbu ni wengi kuliko nilivyowahi kuona. Tumezika watoto watatu kwa homa tangu Pasaka. Wale wanawake wawili wa kikohozi uliowaona, mmoja hatoki tena kitandani.

Nilimweleza Mahmudu yako na yangu. Alikuwa shimoni, pale alipompata Stamili. Tangu mvua ziishe anakwenda kila siku na jembe na tenga, anarudisha udongo. Peke yake. Nilisema nikiwa nimesimama juu ya ukingo, yeye chini. Aliposikia yote, alikung'uta jembe. Kisha akasema, "Mzee, kama umemaliza maneno, kuna tenga jingine hapo."

Nikashuka. Nina miaka sitini na nane. Matenga kumi kwa siku ndiyo uwezo wangu, na kifua siku hizi kinanibana kidogo, si kitu cha kukuhangaisha.

Mwambie dada yangu kwamba sijui tuweke nini wapi. Mimi niliijua ardhi hii kwa mipaka. Yeye ndiye anayejua udongo wake. Mwambie hivyo, usiongeze.

Vitalis


Chilangala
22 Julai 2001

Mjomba,

Shikamoo. Barua hii anakuja nayo Mama mwenyewe, kwa hiyo itafika.

Nilimsomea yako nisiongeze neno. Akauliza, "Kifua kinambana tangu lini?" Nikasema hukuandika. Akakaa siku nne. Jana akakunja mkeka.

Baba Agatha anakuja naye. Hakuna aliyemtuma. Aliiomba ile simu kutoka kabatini, akaenda nayo Newala mjini, akarudi na mabeleshi mawili na toroli bovu ambalo amelitengeneza gurudumu. Nilimwambia Mahmudu anaweza kumpiga. Akasema, "Anipige, kisha tufanye kazi." Sijui kama ni ushujaa au ni maneno. Utaniambia wewe.

Mimi siwezi kuacha zahanati, tumebaki wauguzi wawili. Nimemfungia Mama vidonge vya homa na vya kifua chako, maelezo yamo ndani. Vitakupa nafuu ya kupumua. Ili tuwe na hakika, mjomba, naomba uende ukapigwe picha ya kifua. Usiniandikie kwamba si kitu. Umeponda mawe?

Mpwa wako,
Oliva


Namkunda
30 Septemba 2001

Mpwa wangu,

Marahaba. Agatha nasikia anasoma sasa. Mwambie barua inayokuja aiandike yeye.

Kwanza ulichouliza. Ndiyo, niliponda. Miezi sita, nyuma ya nyumba, nikiwaambia wengine walowanishe. Nilikwenda kupigwa picha kama ulivyosema. Daktari aliiinua kwenye mwanga akaitazama kwa muda mrefu, akaniuliza nina watoto wangapi. Nimeelewa. Vidonge vyako vinasaidia, nalala.

Mumeo alipofika alimsalimia Mahmudu. Mahmudu hakuitikia. Alimwonyesha shimo kwa kidevu. Mpaka leo hawazungumzi, lakini juzi Optatus alichubuka kiganja na nikamwona Mahmudu anamrushia kitambaa. Wengine wameanza kuja. Anwari anakuja siku za Ijumaa baada ya swala. Tumefukia mashimo kumi na tisa. Mengine hatutayaweza, makubwa mno, tumeyazungushia miiba ili watoto na mbuzi wasitumbukie. Maji ya kijito yameanza kupita pembeni, kidogo, ya manjano. Hayanyweki. Sidhani kama nitayaona yakinyweka.

Mama yako alipofika hakuingia nyumbani kwangu. Alikwenda kwenye kaburi la Stamili, akakaa huko mpaka jua likaelekea kuchwa, kisha akaenda kwake, akafagia. Kesho yake akaja shimoni na jembe. Alifanya kazi hatua tatu kutoka nilipo mimi na hakunisemesha. Siku hiyo, na iliyofuata. Wiki ya kwanza, ya pili. Anamsemesha Mahmudu, anamsemesha Optatus, anamsemesha hata yule mbuzi wa Anwari. Mimi ananipita kama mti.

Sikulalamika. Nilibeba matenga yangu kumi, halafu yakawa saba, halafu matano.

Jumanne iliyopita tulikuwa tunamalizia shimo la chemchemi. Nilikuja na tenga la udongo mwekundu, ule wa chini kabisa, nikalimwaga juu. Nikasikia nyuma yangu, "Vitalis."

Nikageuka.

Akasema, "Huo usiuweke juu. Huo ni wa chini, hauoti kitu. Weka mweusi."

Mahmudu aliacha kuchimba. Optatus naye. Nilitaka kumwambia dada yangu mambo ambayo nimeyapanga kichwani tangu ile siku ya kigoda. Yalikuwa mengi na yalikuwa mazuri. Kifua kikanibana, na nikaona kwamba ananingoja, jembe mkononi.

Nikapiga magoti, nikauzoa ule udongo mwekundu kwa mikono, nikaurudisha kwenye tenga.

Mjomba wako,
Vitalis